Mhakiki wa Pili

"Hajui kuhesabu!" Bronwyn alipiga meza hadi pai ya nyama ya Coralie ikaruka kwenye sahani. "Nahukumiwa na mtu asiyejua kuhesabu!"

Kliniki ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Coralie, muuguzi aliyefanya naye kazi miaka mingi, akavuta kiti karibu na kompyuta. "Soma tena, shoga yangu. Taratibu, nicheke vizuri."

Bronwyn Tozer alikuwa daktari wa kawaida aliyetaka kuwa bingwa wa ngozi. Katika mji wao wa Townsville jua huwachoma watu tangu wakiwa kwenye vigari vya watoto, kwa hiyo kazi haikosekani. Kilichokosekana ni makala yenye jina lake. Bodi ya mabingwa ilishamkataa mara mbili kwa sababu hiyo, na maombi ya mwaka huu yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Jarida la magonjwa ya ngozi lilikuwa tayari kuichapa makala yake, mradi wahakiki wawili waridhike. Watu hao huwa hawatajwi majina, na wao hawaambiwi mwandishi ni nani. Wa kwanza aliridhika kwa sentensi moja. Wa pili alikuwa kiumbe mwingine kabisa.

Makala ilihusu sikio la Merv Hanrahan, mkulima wa miwa, lililoota pembe. Pembe kweli, ngumu, iliyojikunja kama ya mbuzi. Februari, siku ya kuikata, Coralie alishika kamera na Bronwyn akashika rula.

"Mtaniziba macho kwenye hilo jarida?" Merv aliuliza.

"Kwa mstari mweusi, mzee wangu. Hakuna atakayekujua."

"Na pembe mnaiacha? Basi mji wetu mzima wa Ingham utanijua. Si ndiyo ninayotundikia kofia pale baa!" Akageuza jicho kwenye mkono ulioshika rula. "Na wewe Dokta, bado tu hujajifunza kufunga mlango wa gari?"

"Tulia, Merv, unatikisa pembe."

Mara ya kwanza Bronwyn alituma picha nzuri kuliko zote, isiyo na rula. Mhakiki wa pili akang'aka. Bila rula atajuaje kama ile ni pembe au chunusi? Tena kichwa cha makala ni kirefu mno, na mwandishi anamwaga koma kama anayelisha kuku. Bronwyn alitukana, akapunguza koma, akatuma ile picha yenye rula na kidole gumba chake. Na kwa kuwa ndiyo desturi, kila jibu alilianza kwa maneno, "Tunamshukuru mhakiki kwa jicho lake makini," huku akisaga meno. Alimchukia mtu yule kuliko mumewe wa zamani. Kichwani alikuwa ameshamchora: kizee cha Melbourne chenye tai ya kipepeo, ambacho hakijawahi kutoka nje bila mwavuli.

Sasa limekuja hili. Bronwyn akasoma kwa sauti ya kubana pua. "'Mwandishi anasema anaeleza habari za mgonjwa mmoja. Katika picha mpya naona wagonjwa wawili. Sitaikubali makala hii mpaka mgonjwa wa pili aelezwe.'"

"Wawili?" Coralie alicheka hadi sosi ya nyanya ikamtiririka kidevuni. "Labda kaihesabu na pembe!"

"Ananinyima ubingwa hivi hivi, Coralie, na Ijumaa ni keshokutwa."

"Mwandikie akanunue miwani."

"Namrudishia picha yake, kubwa kama mlango. Nimchoree na mishale. Sikio moja, mtu mmoja, mpumbavu mmoja anayetazama."

Akaifungua picha, akaikuza, akaikuza tena, mpaka ikajaa kioo chote. Sikio. Pembe. Rula. Kidole gumba.

Coralie alikuwa bado anacheka. Kisha akaacha. Akaweka pai chini na kujifuta mikono kwenye sare yake.

"Bron, hii picha tulipiga Februari."

"Ndiyo, Februari. Na mtu ni mmoja."

"Mlango wa gari ulikubana lini?"

"Krismasi. Kwani vipi?"

"Leo ni Agosti. Hebu lete mkono."

Hakungoja aletewe. Akaushika mkono wa kulia wa Bronwyn, akaulaza mezani mbele ya kioo, ukucha kando ya ukucha. Mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba ulikuwa palepale ulipokuwa Februari, kutoka shinani hadi nchani, ila ulikuwa umenenepa, na weusi wake ulikuwa umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi.

"Damu ya kubanwa husogea na ukucha, ikaisha," Coralie alisema kwa sauti ndogo. "Weusi usiosogea huenda ni saratani. Wewe mwenyewe unawaambia wagonjwa kila siku."

Bronwyn alifungua kinywa atukane, akakosa wa kumtukana. Nje mtu alikuwa anagonga mlango wa kliniki, na hakuna aliyeinuka kumfungulia.

Coralie hakuuachia ule mkono wa kulia. Kwa hiyo Bronwyn akavuta kibodi kwa mkono wa kushoto, akaandika herufi moja moja:

"Tunamshukuru mhakiki kwa jicho lake makini. Mgonjwa wa pili ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, daktari, aliyekuwa akisingizia mlango wa gari."