Mawe Yaliyoota Mabawa

Wanasema, na mimi sitii chumvi, kwamba Mwewe aliitaka asali ya Nyuki kwa nguvu. Alikuwa na rundo la mawe ya zamani, lakini ili kuwapiga nayo ilimbidi ayaangushe akiwa karibu kabisa juu ya mzinga wao, na kila mara alirudi uso umevimba.

"Mawe yako hayana kosa, Bwana Mkubwa," fundi Kunguru akamwambia. "Yamekosa mabawa tu. Nipe manyoya ya ndege anayejua kuelea, niyabandike kwa ulimbo. Utayasukuma mawe kutoka hapa hapa jabalini."

Na ndege huyo ni nani kama si yeye? Mwewe akajing'oa unyoya, akang'oa na mwingine. Jiwe la kwanza likaelea bonde zima, likavunja tawi. La pili likapasua mzinga.

"Ongeza!" akafoka, huku akijinyonyoa.

Mara akasikia mvumo. Nyuki waliobaki bila mzinga walikuwa wakija kwa njia ile ile ya mawe. Mwewe akakunjua mabawa, upepo ukapita katikati kama kwenye wavu.

"Kunguru! Nirudishie manyoya yangu!"

"Yako kule bondeni, Bwana Mkubwa," Kunguru akajibu, tayari yuko angani. "Si umeyatuma mwenyewe?"