Nani Ambebe Raya

Katika kila nyumba ya mtaa ule, mtoto alibebwa na mzazi mmoja tu: yule ambaye mstari wake wa uhai, uliochorwa kwenye skrini ya ukutani kuonyesha nafasi yake ya kuwa hai mwaka hadi mwaka, ulipita juu ya mstari wa mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanakheri hakuwahi kusumbuka na sheria hiyo, maana mstari wake ndio uliokuwa juu.

Asubuhi moja mwanawe Raya akaamka analia mkekani. Mwanakheri alipoinama amchukue, skrini ikamkataza: "Ngoja kwanza."

Kumbe mstari wake na wa mumewe ilikuwa imekatana. Kwa mwaka huu, mama ndiye wa kutegemewa zaidi; kwa miaka ya mbele, baba.

"Sasa tushike lipi, Baba Raya?"

"Hata sielewi. Labda mimi... aa, wewe. Hebu tungoje, itasema tu."

Wakangoja, mikono mitupu. Maziwa yakamchuruzika Mwanakheri, yakalowesha kanga. Skrini haikusema neno.

Mwishowe Raya akanyamaza mwenyewe. Akamtazama mama, akamtazama baba, kisha akageuka, akainyooshea skrini mikono.