Kicheko cha Jini wa Kisimani

Haya ni kweli tupu, na kama humu mna uongo hata wa punje ya mchele, meno yangu haya mapya na yadondoke mezani.

Saa kumi alasiri ya Ijumaa, mtaani Ghubra, Maskati, mzee Khattab alijificha nyuma ya pazia la mlango wa jikoni kwake. Alibeba sinia, kilo mbili za mchele na vifuu viwili vya nazi. Upande wa pili, ukumbini, watu sita walikaa wakimngoja.

Khattab ana miaka themanini, lakini ukimwona utamkisia sitini. Mtu mzuri, mkweli, mwenye sauti. Tangu ahame Unguja kuja Maskati, haijapita Ijumaa asiwakumbushe wageni wake kwamba zamani, kabla ya televisheni, yeye ndiye aliyekuwa jini wa kisimani katika mchezo wa redio wa Jumapili. Redio moja, nyumba tano. Jini akicheka, mtaa mzima unafunga madirisha.

Jirani yake Suud hakusadiki. "Yakhe, wewe jini? Wewe hata paka humtishi."

"Jina langu likitajwa kila mwisho wa mchezo," Khattab alimjibu, akiyasukuma meno yake mahali pake kwa kidole gumba. "Kaulize."

"Jina nnalikumbuka. Nnachotaka ni kicheko."

Wakawekeana sharti. Katika nyumba hiyo kahawa humiminwa na aliye mdogo kuliko wote, naye husimama na dalla, birika la kahawa, mkononi mpaka kila mmoja atikise kikombe, alama kwamba ametosheka. Mdogo wao ni Yaqdhan, mkwe wa Suud, mwenye miaka hamsini na mbili na magoti mabovu. Atakayeshindwa atamimina yeye, kila Ijumaa, mwaka mzima. Kwa Khattab, mkubwa wao wote, asiyegusa dalla miaka arubaini, hilo lilikuwa sawa na kuvuliwa kofia sokoni.

Hakimu alikuwa Bi Mahfoudha, dada yake Suud, ambaye utotoni jini huyo alimlaza uvunguni Jumapili nyingi.

"Kicheko kile nnakijua," alisema. "Hata kaburini ntakijua."

Bi Rahila ni mkewe Khattab. Alikuwa jikoni na kaimati zake, kama kila Ijumaa. Mwanamke wa haya yule. Miaka hamsini na nane ya ndoa, hakuna mgeni aliyewahi kumsikia akicheka. Kicheko kikimjia huziba mdomo kwa leso, akatoka.

"Fumbeni macho," Khattab aliwaambia kutoka nyuma ya pazia. "Redio haitazamwi."

Mchele ukamwagika juu ya sinia, na ukumbini mvua ikanyesha. Yaqdhan akavuta miguu ndani ya kanzu yake ya dishdasha. Vifuu vikagongana, farasi akaja, akasimama kisimani. Kimya.

Kisha kicheko.

Kilianzia chini, kama ndoo inayoburuzwa ndani ya kisima, kikapanda, kikapasuka. Vikombe vikalia juu ya trei. Bi Mahfoudha, mwenye miaka sabini na mitatu na nyonga ya chuma, alikuwa nyuma ya kochi kabla hajakumbuka kwamba hawezi kuinama.

"Ndiye," alisema kutoka huko. "Astaghfirullah, ndiye mwenyewe. Suud, shika dalla."

Suud akainuka kinyonge, akaishika. Khattab akatoka nyuma ya pazia kupokea haki yake, mkono kifuani, midomo imefumbwa kwa unyenyekevu.

Kicheko kikaendelea.

"Khattab," Suud alisema taratibu. "Anacheka nani?"

Pazia likafunuka. Bi Rahila alisimama na upawa wa kaimati mkononi, machozi yakimtiririka, leso imemwangukia mabegani.

"Nisameheni," alisema. "Nimechungulia, nikamwona Mahfoudha anaruka kochi."

Bi Mahfoudha akachomoza kichwa. "Kumbe wewe, shoga?"

"Mimi, tangu hizo Jumapili. Baba angejua bintiye anacheka redioni, angenichinja. Basi nikicheka mimi, likitajwa jina la kijana wa mvua."

"Kijana gani wa mvua?"

"Si huyo hapo, Khattab. Kazi yake ilikuwa kumwaga mchele."

Watu wote wakamgeukia Khattab. Yaqdhan alikuwa ameshahamia kwenye mto anaokalia mkubwa wao, magoti ameyanyoosha. Suud akainyoosha dalla kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa.

"Pokea, mkubwa wetu."

Nikaipokea. Wa kwanza nilimmiminia Yaqdhan, na kikombe chake hajakitikisa mpaka leo.