Chupa Mbili za Mpishi

Siku hizo damu ya kuongezewa ilikuja na tabia za aliyeichangia, zikakaa miezi minne ndipo zikafifia. Mzee Mwinyikombo, mtu wa kufoka tangu ujana, alitiwa chupa mbili za mpishi mmoja wa Muheza. Alirudi nyumbani anaimba, anapika, anamwita mkewe "kipenzi".

Zilipobaki siku tatu, mkewe, Bi Siwema, alikimbilia benki ya damu. "Mwanangu, mwongezee mzee chupa za mpishi yule yule."

Muuguzi akacheka. "Bibi, mzee yu mzima kama ng'ombe! Tunamwongezea aliyepoteza damu tu."

Aliporudi nyumbani, Bi Siwema alimkuta mumewe jikoni, anakata vitunguu. "Kipenzi, kisu hiki butu!"

"Nipe, mume wangu," akasema kwa upole. "Nikunolee vizuri."