Kidevu cha Mama Mkwe

Bi arusi alisukuma mlango wa bafu akidhani hamna mtu, akamkuta mama mkwe wake mbele ya kioo, wembe mkononi, kidevu kimevimba vipele kana kwamba siafu wamekilalia.

Alipigwa na butwaa. Tangu aolewe, mama huyo hakuwahi kusema naye bila kuziba mdomo kwa mtandio. Naye akaamini anachukiwa kwa harufu yake, akawa anaoga asubuhi, mchana na jioni, asijue kinachonuka ni nini.

"Ingia au toka," mama alisema. "Ila mlango ufunge."

Akaingia. Hakujua aombe radhi, acheke au alie. Mikono ikaitangulia akili: akalowesha taulo kwa maji ya moto, akalikamua, akamfunika nalo kidevu.

"Ndevu hazinyolewi kavukavu, mama. Ngozi ilainike kwanza, kisha sabuni. Na wembe ufuate nywele zinakolalia, usizipinge. Huu umeutoa wapi?"

"Wa mumeo. Aliutupa, nikauokota."

"Ndiyo maana unakukwangua."

Akatoa wembe mpya kwenye kimfuko chake cha kuogea, akamnyoa taratibu, kisha akamkanda kwa kitambaa cha maji baridi mpaka mwasho ukatulia. Mama akafumbua macho.

"Mtoto mbichi kama wewe, mambo haya umeyajulia wapi?"

Bi arusi akakishika kidole cha mama mkwe, akakipitisha polepole chini ya kidevu chake mwenyewe, penye vishina vya nywele.