Mgongo wa Jirani

Nikutegee kitendawili? Kila mtu anao wake, jirani anauona kila siku, mwenyewe hajauona tangu azaliwe. Usijibu upesi. Jibu lako lishike hivyo hivyo, twende zetu kwa Helmer.

Evert aliingia na ndala. Theluji nje ilikuwa ya magotini, naye kaja na ndala za ndani, soksi zimelowa chapachapa, kwa sababu mgongo wake haukumruhusu tena kuinama kufungua kamba za viatu. Na huku kwetu kaskazini mwa Uswidi, kuliko kuingia na viatu nyumbani kwa mtu, afadhali vidole vigande.

"Kaa, jirani," alisema Helmer. Yeye alikuwa amelala chali kwenye kochi, mto chini ya magoti.

"Nikikaa sitainuka. Acha nisimame."

Akasimama katikati ya sebule kama farasi aliyepotea njia.

Mara kishindo juu ya paa. Bonge la theluji likapita dirishani, puu! Vikombe kabatini vikatetemeka.

"Ni Gunvor huyo?"

"Ndiye, mke wangu huyo," Helmer akashusha pumzi. "Anasafisha paa."

Masikini Gunvor, Evert aliwaza. Mwanamke mzima, na umri ule, yuko juu na koleo, mume kajinyoosha kama samaki sokoni. Hiyo ndiyo faida ya kupasuliwa mgongo.

Na hilo ndilo lililomleta. Kesho asubuhi hospitali ya mjini ilitaka jibu lake: anapasuliwa, au hapasuliwi. Akikataa, nafasi anapewa mwingine, naye anarudi mkiani mwa foleni. Tangu majani yapukutike, Evert hakuwa amekaa kitako akafurahi. Kahawa alikunywa wima. Kigoda chake cha kuvulia samaki kwenye tundu la barafu kilikuwa kimepigwa na vumbi stoo, na kila akikiona roho ilimuuma kuliko mgongo.

Binti yake, Majken, alikuwa amemfungulia kwenye simu ile rejista ya migongo. Kila anayepasuliwa mgongo nchi hii huulizwa, na mwaka ukipita huulizwa tena: bado unauma? Unatembea vizuri? Ungekubali tena? Majibu yanapangwa hospitali kwa hospitali, asome yeyote. Hospitali ya mjini ilikuwa juu kabisa kwenye orodha.

"Baba, karibu wote wamepona," Majken alimwambia.

"Karibu wote," Evert alijibu. "Ila Helmer."

Kwani hakuona kwa macho yake mwenyewe, kupitia pazia? Majira ya baridi yaliyopita teksi ya hospitali ilisimama pale mlangoni. Akashuka Helmer na mabegi mawili, amepinda kama ndoano. Gunvor nyuma yake, wima, kajifunga skafu. Na tangu siku hiyo Helmer hajanyooka. Evert hakuuliza. Huku watu wanaweza kuzeeka wakipakana ua, na mmoja asimuulize mwenzake ugonjwa. Unatazama tu, unaelewa.

Lakini leo ilibidi.

"Helmer, nisamehe. Ni habari ya ule upasuaji."

"Usinikumbushe!" Helmer akafumba macho.

"Wale wa rejista walipouliza, uliwajibu nini?"

Puu! Bonge jingine. Sauti ya Gunvor ikashuka kutoka juu: "Helmer! Mgeni kapewa kahawa? Na ile mikate ya mdalasini?"

Helmer akajaribu kuinuka, akaguna, akarudi chini. "Jihudumie, mwenzangu. Birika lile pale."

Evert akajimiminia, akanywa wima. Swali lilibaki likining'inia kati yao kama soksi kwenye kamba.

"Maisha yakoje tangu siku ile?" alijaribu tena.

"Maisha gani? Jumamosi zilikuwa zangu mimi na kochi hili. Zimekwisha. Usingizi wa mchana nausikia kwa watu."

"Duh. Na usiku?"

"Usiku nakandwa na Gunvor. Siku hizi ana mikono kama mwashi. Nalia, ananiambia nisideke."

"Kwa hiyo mtu akikuomba ushauri..."

"Ningemwambia daktari atengeneze nusu tu," Helmer alisema kwa uchungu. "Nusu ingetosha kabisa!"

Evert akahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye soksi hadi kisogoni. Akaweka kikombe.

"Basi. Kesho nawapigia, nawaambia hapana. Na kigoda changu cha barafuni, ukikitaka, chukua."

"Hapana ya nini?"

"Sipasuliwi. Rejista waisifu wanavyotaka, mimi sitaki kuwa kama wewe."

Kwa mara ya kwanza Helmer akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Kama mimi?"

"Ndiyo, kama wewe! Mwaka mzima nakuona! Sasa kabla sijatoka, niambie kiume: walipokuuliza, uliwajibu nini?"

Puu! Helmer akasubiri vikombe vitulie.

"Mimi hawajawahi kuniuliza kitu," alisema. "Waniulize nini? Mimi nimevunjwa na kazi tu. Aliyepasuliwa ni huyo aliye juu ya paa."