Kuku Wanaokula Mayai Yao

Sheria ya majukwaa ya mtandaoni haina huruma siku hizi: mjadala ukimaliza siku saba bila mtu kugusa mada yake ya kwanza, unafutwa wote.

Wetu aliuanzisha marehemu mume wangu, Hemedi, miaka tisa iliyopita. Aliuliza afanye nini na kuku wanaokula mayai yao. Baada ya hapo aliongea kila kitu isipokuwa kuku: posa yake ilivyokataliwa kwetu mara mbili, mapishi ya mama yake, mwishowe ugonjwa. Maneno yake yote yamo humo. Basi wanajukwaa, watu ambao hata sura zao sizijui, wakapanga zamu. Kila Alhamisi mmoja anauliza kuhusu kuku nami namjibu kwa adabu, mimi ambaye kuku namjua sahanini tu. Mungu awalipe.

Alhamisi hii zamu ya kuuliza ilikuwa yangu, na bomba lililopasuka jikoni likanisahaulisha. Nafungua simu, zimebaki dakika kumi. Kumbe swali limeshaulizwa, kwa jina la Mzee Chambuso: "Jamani, kuku wangu wamerudia kula mayai. Nifanyeje?"

Nililia kwa furaha. Nikaandika, "Wape maganda yaliyosagwa. Ahsante sana, Mzee Chambuso, umeniokoa."

Nilipokwisha kutuma ndipo nikakumbuka kwamba mwezi wa nne tulichanga rambirambi za Mzee Chambuso.

Jibu lilikuja papo hapo: "Usijali, binti yangu. Alhamisi ijayo ni zamu ya Hemedi."